Mashine ya Mtu Mmoja

3 Februari

Kwako Unywele,

Najua umeigeuza bahasha hii mara tatu kabla ya kuifungua, ukiukodolea macho mwandiko wangu kana kwamba una kosa la kipimo. Fungua tu. Hakuna aliyekufa.

Ni miaka minne sasa tangu tuachane na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe na mimi kwenye simu hugombana kabla salamu hazijaisha. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza anachosema. Unaona hata jina langu bado silistahili: mafundi waliniita Kimya kwa kejeli, na hadi leo mdomo wangu haujajua kupumzika.

Nina swali la kazi. Nataka kurudi kwenye chuma. Nyumba ya marehemu mama ina chumba cha uani ambacho hakina kazi, sakafu yake ni nzuri na umeme upo. Kuna muuzaji ana mashine moja ambayo chini ni ya kukereza, na juu yake imebebeshwa kichwa cha milingi, cha kuchonga mifereji. Wanaiita mbili ndani ya moja. Njia nyingine ni kutafuta mbili tofauti, ya kukereza peke yake na ya milingi peke yake. Fedha ninayo, hilo lisikusumbue. Mimi naelekea kwenye ile moja.

Nakuuliza wewe kwa sababu wengine wote niliowauliza wanataka kuniuzia kitu. Nakuuliza kama fundi, nawe nijibu kama fundi. Mengine tuyaache yalipo.

Kimya


11 Februari

Kimya,

Niliigeuza mara mbili, si tatu. Usinizidishie.

Jibu la swali lako ni fupi: usiinunue. Sasa nikueleze, maana najua ukiambiwa usinunue ndiyo kwanza utaibeba.

Chukulia una shafti kwenye mashine ile, umeshaikereza nusu, halafu unataka kuichonga mfereji. Kwenye mashine mbili unageuka, unakwenda kwenye milingi, kazi inaendelea. Kwenye ile yako unatoa shafti, unatoa taya, unafunga jiliwa, unateremsha kichwa, unachonga. Ukirudi kukereza, kila ulichokuwa umekipanga kimepotea, unaanza kupima upya. Nusu ya siku yako itakwisha kwa kufunga na kufungua boliti. Halafu kile kichwa kimekaa juu ya nguzo nyembamba mno. Kipe chuma laini, kitakula vizuri. Kipe chuma kigumu, kitatetemeka kama mgonjwa wa homa, na alama za mtetemo utaziona kwenye kazi. Na siku mota ikiungua, umekaa mikono kiunoni na mashine mbili zimekufa kwa mpigo.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Mashine ile ni ya mtu mmoja. Mmoja akikereza, mwenzake anabaki mtazamaji. Karakana ya namna hiyo haiwezi kukua, kwa sababu haina nafasi ya mtu wa pili.

Nipe vipimo vya chumba. Niambie pia unataka kutengeneza nini.

Hapa mambo ni yale yale. Wateja bado wananiita Unywele, na bado kila kipande ninachoshika huwa kimezidi unywele au kimepungua unywele. Milingi yako nimeifunika turubai. Sijamweka mtu.

Unywele


20 Februari

Kwako Unywele,

Asante kwa somo. Nilikuwa nimesahau jinsi unavyoandika unapofurahi. Unapiga mstari chini ya kila neno la tatu.

Chumba ni mita nne kasoro kidogo kwa mita tatu. Jirani yangu ndiye aliyeshika upande wa pili wa tepu. Ni fundi pampu, mgane, mtu mpole, anatengeneza pampu za visima za mtaa mzima. Mlango ni mpana, dirisha moja, ukuta hauna unyevu.

Sasa sikiliza. Hicho unachokiita kasoro ndicho ninachokitaka mimi. Ya mtu mmoja! Nani mwingine atasimama humo? Sitaki kupokea kazi za watu. Nataka nichonge vitasa vya madirisha, mishikio ya sufuria, vitu ambavyo vikizidi au vikipungua hakuna mashine ya mtu itakayovunjika. Kwa kazi hiyo mtetemo si neno. Milingi kamili ni ya mtu mwenye mkono, na mkono wangu unaujua mwenyewe.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mtaani kwetu hapa kuna mashine ya kusaga nafaka. Kuna siku shafti yake inagongagonga, na kila nikiisikia nafikiri ni ufunguo wa gia niliouchonga mimi umelegea humo ndani. Wakati mashine yenyewe haikuwahi hata kufika kwetu! Lakini nikiisikia napita upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo usinipigie hesabu za karakana kubwa. Niambie tu, kwa mtu wa aina yangu, hiyo moja itafaa au haitafaa?

Wifi ananiambia umekonda. Kula.

Kimya


1 Machi

Kimya,

Sijakonda. Dada yangu ana macho ya kuona matatizo tu.

Nimekuchorea chumba chako nyuma ya karatasi hii. Umeona? Mita nne kwa tatu zinatosha mashine mbili, meza ya kazi, na watu wawili bila kugongana viwiko. Nimepima kwa chaki hapa sakafuni kwangu na nimetembea humo ndani. Inawezekana kabisa.

Na acha maneno ya mtu wa aina yako. Mkono wako hauna tatizo. Nunua milingi ya kweli, yenye uzito, uifanyie kazi za kweli. Vitasa vya madirisha ni kazi ya mtu anayepoteza muda akisubiri mvua ikatike.

Kuhusu mtu wa pili, mimi Jumamosi huwa sina kazi nyingi. Basi la asubuhi linanifikisha kwenu kabla ya saa nne. Ningeweza kuja kukusaidia kuzisawazisha, na baadaye, kama kutakuwa na kazi za kukereza, ningeweza kuja Jumamosi nyingine pia. Nasema kama fundi, uliniambia nijibu kama fundi.

Huyo jirani ashike tepu, sawa, lakini asikushauri mambo ya mashine. Mtu wa pampu anajua maji.

Unywele


9 Machi

Unywele,

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaenda kuanika nguo, nikarudi nikaisoma tena. Bado inasema vile vile. Mkono wangu hauna tatizo!

Basi nikukumbushe, maana inaelekea umesahau. Ilikuwa mwaka wa kumi wa ndoa yetu. Mteja alisimama pale mlangoni na kipande cha chuma kiganjani. Ni ufunguo niliouchonga mimi, ule wa kushikilia gia isizunguke bure kwenye shafti, na ulikuwa umelegea, umelika upande mmoja, na shafti yake imeharibika. Ulikuwa wa ngapi kurudi, sikumbuki, nilikuwa nimeacha kuhesabu. Wewe ulimtazama yule bwana ukamwambia, "Tusamehe. Mkono wa mke wangu umekufa." Ulisema hivyo nikiwa nimesimama hapo hapo, na mafundi wawili wa jirani wakisikia.

Sijagusa milingi tangu siku ile. Mwaka mzima uliofuata nilikufagilia karakana na kukuandikia oda, nikiogopa hata kukupokeza spana. Halafu nikaondoka. Watu waliuliza kama ulinipiga au kama ulikuwa na mwanamke. Nikawaambia hapana. Niseme niliondoka kwa sababu ya vipande vya chuma?

Leo mkono uliokufa umefufuka. Lini? Nani amekuambia? Kama unanibembeleza nikurudie, sema hivyo, ni mtu mzima wewe. Na kama kuna kitu unakijua, kiseme.

Halafu jirani yangu alikereza miaka kumi na minane kwenye kiwanda cha vipuri kabla hakijafungwa. Pampu alianza baadaye ili ale. Mashine yake ya kukereza ya kizamani bado anayo, imelala stoo kwake. Mwaka jana aliniomba tuweke karakana pamoja. Nilimkatalia. Nilimwambia mimi huharibu kazi za watu, na yeye ni mtu mwema, sitaki nimharibie jina. Kwa hiyo chuma anakijua, usiwe na wasiwasi.

Kimya


14 Machi

Kimya,

Una haki ya kila ulichosema. Ile siku ya mteja naikumbuka, na nikiikumbuka nakosa pa kuuweka uso.

Kuna kitu ninakijua, kweli. Lakini si cha kuandika kwenye karatasi. Nije Jumamosi hii tukae chini, nikueleze. Ninachokuomba ni kwamba usilipie mashine ile kabla sijafika. Nisubiri tu.

Unywele


17 Machi

Unywele,

Usije. Ukija utaanza na hali ya hewa, utatazama paa, utasema linahitaji msumari, utapanda juu, na jioni utaondoka bila kusema. Nimekaa nawe miaka kumi na moja.

Andika. Mashine nimeshailipia. Inaletwa tarehe thelathini, mbili ndani ya moja, ya mtu mmoja.

Kimya


21 Machi

Kimya,

Nimeanza barua hii mara tano. Nne nimezitia jikoni.

Mwaka wa saba wa ndoa yetu niliangusha maikromita ndogo, ile niliyoizoea kupimia vitu vyembamba. Iligonga sakafu. Niliiokota, nikaifuta kwa shati, nikairudisha kwenye kisanduku chake. Haikuwa na hata alama.

Unajua, na kila fundi anajua, kwamba kabla ya kupima unaifunga maikromita ikiwa tupu uone kama inasoma sifuri. Nimewahi kuwazomea watu wazima mbele za watu kwa kutofanya hivyo. Mimi mwenyewe sikuwa nafanya. Niliona hayo ni ya wanaojifunza. Mimi ni Unywele, kitu gani kitanidanganya?

Wewe ulikuwa ukichonga ufunguo, unaupima kwa ile venia ya marehemu baba yako niliyokuwa naicheka, unauweka mezani. Ukitoka kwenda kunywa maji, mimi nilikuwa nauchukua na kuupima tena. Maikromita ilikuwa inaniambia umezidi. Nikachukua tupa nikausugua hadi ukasoma nilivyotaka, nikaurudisha pale pale ulipokuwa. Sikukuambia. Nilijiambia nakustiri.

Ule ufunguo ulikuwa sawa, Kimya. Ulikuwa sawa ulipouweka mezani. Mimi ndiye niliyeufanya uwe mwembamba. Huo na uliofuata na nyingine zote zilizorudi. Ulipoanza kuogopa ukawa unachonga polepole, unapima mara tatu, zilikuwa bado ni sawa, na bado nilizisugua. Shafti zangu zilitoka na kipimo sahihi kwa sababu zangu nilipimia maikromita kubwa, nayo haikuwahi kuanguka. Kwa hiyo ikawa kazi zangu ni nzuri na zako zinarudi, na mimi nikaamini kabisa nilichokuwa naambiwa na chombo kibovu kuliko nilichokuwa nakiona kwako kila siku.

Kuna na hili, na ni lazima niliseme pia. Kabla ya mwaka huo wa saba nilikuwa nakupima vile vile. Miaka sita. Kila kipande nilikikuta kiko sawa, na hata siku moja sikukuambia kwamba kiko sawa.

Nilijua miaka miwili iliyopita. Nilikuwa naisafisha, nikaifunga ikiwa tupu, ikasoma mistari minne juu ya sifuri. Nikaifuta, nikaifunga tena. Mistari minne. Nilikaa chini kwenye sakafu pale pale penye milingi yako. Mteja aliingia akafikiri nimeanguka.

Miaka miwili nimenyamaza. Nilikuwa nataka kwanza urudi, halafu ndipo nikuambie, ukiwa umeshanizoea tena. Ulipoandika ile barua ya kwanza nilifurahi kama mjinga. Nikaona nitakushawishi ununue mashine mbili, nije Jumamosi moja, halafu nyingine, na siku moja ningekuambia. Sasa naona nilikuwa nataka urudi ukiwa bado unaamini mkono wako mbovu, ili unihitaji.

Mkono wako haukuwahi kufa. Nisamehe kama unaweza. Usinunue ile takataka.

Unywele


4 Aprili

Kimya,

Je, ile mashine ililetwa? Nauliza hilo tu.

Unywele


22 Aprili

Kimya,

Sina haki ya kujibiwa, najua. Nimeitoa milingi yako kwenye turubai, nimeisafisha, nimeitia mafuta. Inazunguka bila kelele. Ukiitaka nitaipakia kwenye gari na kuileta, na nikishaishusha nitaondoka, sitaingia hata ndani. Au ukitaka kuifuata mwenyewe, chumba chako kiko vile vile. Pazia nimelifua.

Unywele


12 Mei

Kwako Unywele,

Barua yako ya kukiri ilifika siku moja kabla ya ile ya kuletwa mashine. Niliisomea mlangoni nimesimama, sikuweza hata kuingia ndani. Nilimpigia muuzaji simu nikamwambia asilete. Akaniuliza sababu, nikamjibu, "Mkono wangu haukufa." Akakata simu. Nadhani alifikiri nimerukwa na akili.

Sikukuandikia kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa matusi mwanzo hadi mwisho, na mengine nilikuwa sijui kama ninayajua. Siku tatu nilikaa nikiutazama mkono wangu juu ya meza. Unajua miaka hii yote nimeishi vipi? Kikombe kikiniponyoka, nasema ni mkono ule ule. Nikishona kifungo kikatoka, ni mkono ule ule. Mtoto wa dada yangu alizaliwa wakaniambia mbebe, nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua, Unywele. Niliogopa nitamwangusha.

Ulinistiri, eti. Ungenitukana mbele ya mji mzima ningepona haraka zaidi.

Nikamaliza hasira, au nikachoka, sijui. Nikaenda kununua milingi. Ya kweli, yenye uzito, kama ulivyosema. Jirani akaitoa ile mashine yake ya kukereza stoo, wakaileta kwa mkokoteni watu sita, chumba kikajaa. Siku ya kwanza akakereza shafti fupi ya pampu, nikaichonga mfereji, kisha nikachonga ufunguo wake. Nikaupima kwa venia ya baba nikampa. Nikasimama nikingoja achukue kipimo chake. Hakuchukua. Aliutazama kidogo kwenye mwanga, akautia kwenye mfereji, akaugonga kwa nyundo ya mbao mara mbili, ukaingia ukakaa. Akasema, "Haya, lete mwingine." Nilitoka nje nikalia hadi majirani wakaja kuuliza nimefiwa na nani.

Nataka hili ulisikie kwangu, si kwa wifi. Alikuwa ameniomba zaidi ya karakana. Mara mbili ameniomba nimkubali awe mume wangu, na mara mbili nilimkatalia kwa sababu ile ile, kwamba ninachokigusa kinaharibika. Baada ya barua yako sikuwa na sababu tena. Nimemkubalia. Tutafunga ndoa mwezi ujao, watu wachache tu.

Pazia ulilolifua lilinitoa machozi, sikufichi. Lakini siwezi kurudi mahali ambapo nitakuwa najiuliza, kila nikitoka kunywa maji, unafanya nini.

Sijakusamehe. Labda nitakusamehe. Lakini ungeweza kunyamaza hadi kufa na nisingejua, na hukunyamaza, ingawa ulijua utakachokosa. Hilo nimeliona, na nitalisema mbele ya yeyote atakayekusema vibaya.

Milingi ya huko mpe mtu anayeihitaji. Na ulikuwa sahihi kuhusu mbili. Tumeziweka kila moja na ukuta wake, nasi tunasimama mgongo kwa mgongo, kama tulivyoziweka wewe na mimi, kwa kuwa ndivyo ninavyojua.

Kimya


20 Mei

Kimya,

Barua nimeipata. Nimeisoma mara moja tu, sikuweza kurudia, ila sehemu ya jinsi ufunguo ulivyoingia hiyo nimeisoma mara nyingi.

Siwezi kukudanganya kwamba nimefurahi. Roho inaniuma kuliko nilivyojua inaweza kuuma. Jana nilifungua karakana, nikawasha mashine, nikaizima, nikafunga. Dada alileta chakula nikamwambia nimeshiba. Ukimwona mwambie kweli nimekonda, amepatia safari hii. Lakini ndoa yako naitakia heri, na naitakia kwa moyo, hata kama moyo wenyewe kwa sasa uko hoi.

Mpe salamu zangu fundi pampu. Mwambie niliyosema kuhusu maji na chuma nimeyafuta.

Sasa kuhusu mashine. Msisimame mgongo kwa mgongo. Zigeuzeni. Ziwekeni katikati ya chumba, nyuma ya moja iangalie nyuma ya nyingine, nanyi msimame upande wa nje, mmoja huku na mmoja kule, mkitazamana. Chumba kinatosha, nimepima tena leo kwa chaki. Kila mmoja atabaki na nafasi ya hatua moja nzuri nyuma yake. Nguzo ya milingi ni ndefu, itakuziba uso ukiiweka sawasawa na yeye, kwa hiyo isogeze kushoto kiasi cha mikono miwili. Katikati wekeni bati la kuzuia vipande vya moto visirukie upande wa pili, lakini lisizidi kifua. Yeye ni mrefu? Pima kifua chako wewe, si chake. Boliti za chini msizikaze kabisa siku ya kwanza, zipeni siku tatu zikae, ndipo mkaze.

Utaniuliza kwa nini, maana sisi tulisimama mgongo kwa mgongo miaka yote na nilikuambia ni kwa ajili ya mwanga wa dirisha. Haikuwa mwanga. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania zikae vile, wiki ya kwanza ya ndoa yetu, ili uwe unafanya kazi bila kuniona ninachofanya. Hilo nalo nilikuwa sijakuambia, na sasa sina lingine lililobaki.

Zigeuzeni kabla ya harusi. Ukiinua kichwa kutoka kwenye kazi, umwone.

Unywele